Chakula na virutubisho kwa ugonjwa wa kusahau: mwongozo wa kuanzia jikoni kwako

Maswali huwa ni yale yale, na wanaouliza huwa wamechoka na wana hofu. Mama ameanza kurudia swali moja mara tano, nimpe nini? Mafuta ya nazi yanarudisha kumbukumbu? Kuna mtu anauza vidonge vya majani ya mti uitwao ginkgo, ninunue? Baba alifikia kupotea njia ya nyumbani kwake mwenyewe, nami nina miaka 45, nile nini nisifike huko? Mwongozo huu ni kwa wewe unayetaka kujikinga, na kwa wewe unayemlea mzee ambaye tayari anaumwa.

Jambo moja ulijue kabla hujatoa hata shilingi. Hakuna chakula, mzizi, mbegu wala kidonge cha lishe kinachoponya ugonjwa huu, ambao hospitalini wanauita dimenshia. Anayekuambia kipo anakuuzia kitu. Ila kuuchelewesha kunawezekana, na mgonjwa anaweza kubaki na nguvu na heshima yake kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2024 tume ya wataalamu ya jarida la kitabibu la The Lancet ilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo 14 yanayouchochea yangeshughulikiwa. Miongoni mwake yamo presha, kisukari, lehemu mbaya (kolesteroli), unene uliozidi, pombe nyingi, sigara na mwili kukosa mazoezi. Hesabu mwenyewe mangapi hapo yanaanzia kwenye sahani.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mashine ya kupima presha, ile inayofungwa juu ya kiwiko. Kama huna, tafuta duka la dawa au zahanati ya karibu wanakopima.
- Mzani wa kupimia uzito wa mtu.
- Daftari na kalamu.
- Kijiko kimoja cha chai, cha kupimia chumvi tu.
- Mfuko wenye dawa zote anazotumia mhusika. Ninaposema zote nina maana ya vidonge vya hospitali, unga wa mlonge, habasoda, chupa ya mitishamba iliyoko chini ya kitanda, na vile vidonge vya maumivu anavyonunua mwenyewe dukani.
- Kwa mgonjwa: sahani na kikombe vya rangi moja inayokolea, visivyo na maua.

Hatua ya 1. Apimwe kwanza

Usianze na lishe kabla ya kujua unapambana na nini. Kuna kusahau kunakotibika. Upungufu wa vitamini B12 huharibu kumbukumbu na kutia ganzi miguuni. Tezi ya shingo inapofanya kazi polepole, mawazo ya mtu huwa mazito. Huzuni kubwa baada ya kufiwa huweza kufanana kabisa na dimenshia. Kaswende ya muda mrefu, virusi vya UKIMWI, na damu iliyovujia kichwani baada ya mzee kuanguka bafuni, yote hayo hutafutwa kwa vipimo na yana matibabu yake. Muulize daktari kuhusu B12, tezi, sukari, wingi wa damu, figo, kaswende na VVU. Vipimo hivi havipatikani kila zahanati, kwa hiyo uliza ni hospitali gani ya wilaya au ya mkoa inavifanya.

Kama mzee wako ana kisukari na amekunywa metformin kwa miaka mingi, litaje hilo la B12 wewe mwenyewe. Dawa hiyo inajulikana kushusha vitamini hiyo mwilini. Dawa za kupunguza asidi ya tumbo kama omeprazole, zikitumiwa muda mrefu, hufanya vivyo hivyo.

*Tahadhari:* mtu aliyekuwa sawa juzi na leo haelewi yuko wapi, anasinzia ovyo au anaona vitu visivyokuwepo, hiyo si dimenshia iliyoanza usiku mmoja. Mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, nimonia, kukaukiwa maji, au sukari iliyoshuka. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea, ni kiharusi. Hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2. Shika presha kwa kushika chumvi

Ubongo unaishi kwa mishipa midogo ya damu, na presha ya miaka mingi ndiyo inayoiharibu. Tume ile ya The Lancet inashauri watu kuanzia umri wa miaka 40 hivi walenge namba ya juu isizidi 130. Kwa mzee dhaifu anayeanguka anguka, daktari ndiye apange namba.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Hizo ni pungufu kidogo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa, kwa kila kitu: mchuzi, mboga, mayai, kachumbari. Fanya hivi: asubuhi weka kwenye kikopo chumvi ya siku nzima kwa hesabu ya watu mnaokula hapo, kisha pika kutoka kwenye kikopo hicho tu. Siku za kwanza kitaisha kabla ya chakula cha jioni, na hapo utajua mlikuwa mnakula kiasi gani. Punguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa ili ulimi uzoee. Mahali pa chumvi weka ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, bizari, giligilani.

Chumvi nyingine imejificha. Iko kwenye vibonge na unga wa kukolezea mchuzi, kwenye ng'onda na dagaa wa chumvi, soseji, mkate wa dukani. Ng'onda haukatazwi, ila uloweke na ubadilishe maji mara mbili kabla ya kuupika.

Na kama kuna dawa ya presha, inywewe kila siku. Chakula kinaisaidia dawa, hakiichukulii nafasi.

Hatua ya 3. Panga upya sahani

Watu husoma kwamba chakula cha ubongo ni samoni, bluberi na mafuta ya zeituni, wakakata tamaa. Orodha hizo zilitungwa na watu waliotazama walaji wa Ulaya na Marekani, na walichokisifu ndani yake ni majani mabichi ya kijani, kunde, nafaka nzima, samaki, karanga za aina mbalimbali na matunda. Vyote hivyo viko sokoni kwako.

Mwaka 2025 kulichapishwa utafiti uliofanyika Kilimanjaro kwa wanaume 77. Waliozoea chakula cha asili, chenye vitu kama kiburu cha ndizi na maharage, walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye chakula cha kizungu. Wengine walihamishwa kutoka huko kuja huku. Walioacha chakula cha asili, damu yao ilionyesha kinga ya mwili ikichachamaa; waliokirudia, hali hiyo ilipungua. Utafiti huo haukupima kusahau, na wiki mbili ni chache. Lakini mimi unanitosha kukuambia usimdharau bibi yako na chungu chake.

Gawa sahani hivi:

Nusu iwe mboga. Mchicha, matembele, majani ya kunde, majani ya maboga, mnavu, sukuma wiki, bamia, mlenda. Badilisha badilisha. Usichemshe mboga hadi igeuke kijivu kisha ukamwaga maji yake. Folate na vitamini nyingine zinaondoka na hayo maji. Kisamvu peke yake ndicho kinachotaka kutwangwa vizuri na kupikwa muda mrefu, kwa sababu ya sumu iliyomo kwenye majani mabichi ya muhogo.

Robo iwe wanga usiokobolewa. Dona badala ya sembe, ulezi, mtama, uwele, ndizi, viazi vitamu, magimbi. Kama nyumba nzima inagoma dona, changanya nusu kwa nusu mwezi mzima.

Robo iwe kitoweo. Maharage, choroko, mbaazi, dengu au njugu mawe siku nyingi za wiki, na samaki angalau mara mbili. Hapa dagaa ni hazina: analiwa mzima, bei inavumilika, na ana mafuta yale yale ya omega-3 yanayouzwa kwenye vidonge. Pwani mna vibua. Nyama nyekundu iwe ya mara moja moja.

Mafuta yawe ya maji, kama ya alizeti au ya karanga, na si yale ya kuganda. Kwa watu wa nazi, sikuambii uache. Pikia tui jepesi, na tui zito libaki la siku maalumu. Kila siku ongeza tunda zima (zambarau kwa msimu, pera, papai, chungwa, parachichi) na ngumi moja ya karanga au korosho zisizo na chumvi.

*Tahadhari tatu.* Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu mdomoni zitupwe, usizikaange kuficha ladha: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa moto wa jikoni. Anayetumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) asiongeze mboga za majani ghafla wala kuziacha ghafla. Ale kiasi kile kile kila wiki na amwambie daktari. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kuhusu ndizi, parachichi na maharage, kwa sababu ya madini ya potasiamu yaliyomo.

Hatua ya 4. Toa vinavyobomoa

Anza na sukari ya kunywa: soda, juisi za pakiti, chai ya vijiko vinne. Kisha chipsi na maandazi ya kila asubuhi. Asali si dawa ya kumbukumbu. Kwa mwenye kisukari ni sukari kama nyingine.

Pombe nyingi hubomoa ubongo kwa njia mbili, kwa sumu yake na kwa kumnyima mtu vitamini B1. Mnywaji wa gongo au chang'aa asiyekula, aliyeanza kuyumba, kuona mawili na kusahau, anahitaji hospitali haraka. B1 ikiingia mapema huokoa sehemu ya kumbukumbu. Ikichelewa, kinachopotea hakirudi. Tumbaku, ya kuvuta na ya kutafuna, iachwe.

Usiishie kwenye chakula. Ufini walifanya utafiti wa miaka miwili kwa watu 1,260 wenye umri wa miaka 60 hadi 77 waliokuwa hatarini. Waliounganisha lishe, mazoezi, kazi za kuuchangamsha ubongo na kupimwa presha na sukari mara kwa mara walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili kuliko waliopewa ushauri wa kawaida tu. Kwa hiyo tembea kwa haraka nusu saa siku nyingi za wiki, na kama masikio yamepungua nguvu, yapimwe.

Hatua ya 5. Chuja virutubisho kimoja kimoja

Hapa ndipo fedha za familia zinapotea. Nimeona watu wakikopa kununua makopo huku dawa ya presha imekwisha wiki iliyopita, na hilo linaniuma.

*Ginkgo.* Ilijaribiwa Marekani kwa watu zaidi ya 3,000 wenye miaka 75 na kuendelea, miligramu 120 mara mbili kwa siku, kwa takribani miaka sita. Matokeo yalitoka mwaka 2008: haikupunguza dimenshia. Tena huweza kuongeza kuvuja damu kwa anayetumia aspirini au warfarin.

*Vitamini B na E, vidonge vya omega-3, mchanganyiko wa virutubisho vingi.* Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema visipendekezwe kwa lengo la kuzuia akili kupungua. Vitamini E kwa dozi kubwa ina hatari zake, ikiwemo kuvuja damu.

*B12.* Hii ni tofauti. Aliyepimwa akakutwa na upungufu anaihitaji, kwa sindano au vidonge. Asiye na upungufu haimwongezei kumbukumbu.

*Manjano.* Weka kwenye mchuzi kwa uhuru. Vidonge vyake havijathibitishwa kutibu, na kiini chake hunyonywa kwa shida na utumbo.

*Mafuta ya nazi kwa vijiko.* Ushahidi wake ni mdogo mno, na kumnywesha mzee vijiko kadhaa kwa siku kunamwongezea mafuta yanayopandisha lehemu, pengine na kumharisha.

*Mlonge na habasoda.* Majani ya mlonge ni mboga nzuri, yapike. Habasoda kidogo kwenye mkate haina neno. Unga na mafuta yake kwa dozi kubwa huweza kushusha sukari na presha, na kwa mzee anayekunywa dawa za hayo hayo, ndipo anapoanguka.

Muuzaji akija, muulize: kuna nini ndani na kiasi gani? Imesajiliwa wapi? Kwa Tanzania, dawa za asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Inagongana na dawa gani? Akikuambia "haina madhara kabisa" na "acha za hospitali", mfungulie mlango aende. Ukiamua kutumia kitu, tumia kimoja kwa wakati, andika tarehe kwenye daftari, na mwonyeshe daktari kopo lenyewe.

Hatua ya 6. Kama tayari anaumwa, badili lengo

Wengi hukosea hapa. Wanasoma lishe ya kujikinga wakiwa na miaka 45, halafu wanamfungia nayo mama wa miaka 82 aliyekwisha kupungua kilo saba. Kwa mgonjwa adui mkubwa ni kukonda. Hapo mpe maziwa, mayai, parachichi, uji wa ulezi uliotiwa karanga zilizosagwa, mtindi. Akitaka kitu kitamu kidogo ili ale kingine, mpe. Kama ana kisukari, panga na daktari dawa zifuate ulaji wake wa sasa: dozi ya zamani kwa mtu asiyekula vizuri inashusha sukari hadi anazimia.

Kwa familia za Kiislamu, Ramadhani inataka uangalizi. Mzee atasisitiza kufunga, kisha asahau daku, asahau maji. Dini imempa mgonjwa ruhusa. Mwombe sheikh anayemheshimu amweleze yeye mwenyewe, kwani maneno ya mtoto hayatamtosha.

Hatua ya 7. Mlishe kwa usalama

1. Mkalishe wima kitini, miguu imefika chini. Kitandani, mwinue kwa mito.
2. Zima redio na televisheni.
3. Tumia sahani ya rangi. Ugali mweupe kwenye sahani nyeupe, macho yake huenda yasiuone kabisa.
4. Weka chakula kimoja au viwili tu mbele yake. Mezani pakijaa bakuli anachanganyikiwa.
5. Kula naye. Mikono yako ikienda mdomoni, yake itafuata. Sema kwa upole, "Mama, karibu uji, tunywe wote."
6. Akiweza kula kwa mkono, mwache ale kwa mkono. Kata viazi vitamu, ndizi, mayai na samaki asiye na miiba vipande vya kushika.
7. Ukimlisha, kijiko kidogo, subiri ameze, ndipo kingine.
8. Abaki wima nusu saa baada ya kula.

Hatua ya 8. Pima na andika

Uzito mara moja kwa mwezi, nguo zile zile, saa ile ile. Presha kama daktari alivyosema. Andika alichokula kwa siku tatu kabla ya kila kliniki. Akipungua kilo mbili au tatu ndani ya miezi mitatu bila sababu, usisubiri tarehe ya kliniki.

Mambo yakikwama

*Anakataa kula ghafla.* Fungua mdomo utazame: jino bovu, kidonda, utando mweupe wa fangasi, meno bandia yanayombana. Kisha uliza choo mara ya mwisho ilikuwa lini. Kisha mfuko wa dawa, kuna mpya?

*Anadai hajala na ametoka kula.* Usibishane, wala usimwambie "si umekula sasa hivi." Mwambie chakula kinakuja, mpe tunda au kikombe kidogo cha uji. Gawa milo kuwa midogo mitano.

*Anapaliwa au kukohoa akinywa.* Vimiminika vyepesi ndivyo vinavyopotea njia kwanza. Mpe vizito kama uji na mtindi, kwa vijiko, na umwone daktari: chakula kikiingia kwenye mapafu kinaleta nimonia.

*Anaweka chakula shavuni.* Mkumbushe kumeza, mguse shavu taratibu, badili kuwa chakula laini. Kagua mdomo kabla hajalala.

*Hanywi maji.* Kiu hupungua uzeeni. Mpe nusu kikombe kila unapopita, supu, madafu, tikiti maji. Mkojo wenye rangi ya kukolea ni onyo.

*Choo kigumu.* Maji, papai, mboga, kutembea. Siku tatu bila choo na tumbo limejaa, nenda hospitali.

*Amefikia hatua za mwisho, hamezi tena.* Familia hushauriwa mpira wa kulishia puani. Kwa dimenshia iliyokomaa, wataalamu wa wazee hawaupendekezi, kwa kuwa hauonekani kurefusha maisha na humsumbua mgonjwa. Kumlisha kwa mkono, kidogo anachotaka, ndicho kinachoshauriwa. Kaeni na daktari mlizungumze kabla hamjafika hapo.

*Ndugu ametuma kopo kutoka ng'ambo na anapiga simu kila siku kuuliza kama linatumika.* Mshukuru, piga picha lebo ya kopo, mpelekee mfamasia. Halafu mwambie ndugu huyo bei ya dawa za presha za mwezi, ya dagaa na maziwa, na ya nauli ya kliniki, umwombe achukue mojawapo.